Roboti Iruke, Rampu Ichapwe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila muhula ukianza, walimu, wazazi na hata wanafunzi walioshiriki mwaka jana hurudi na maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa, kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayozuka siku ya shindano wakati umeme umekatika na wazazi wameshakaa kwenye viti. Pale jibu linapogusa swali jingine, nimeelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya mwanzo

Shindano lenyewe ni nini?

Kundi la wanafunzi wanne linachora rampu kwenye kompyuta, linaichapa kwa printa ya 3D, mashine inayojenga kitu kwa tabaka za plastiki iliyoyeyushwa, kisha linaipangia roboti programu ya kupanda rampu hiyo kwa kasi, kuruka pengo na kutua kwenye rampu ya upande wa pili. Pengo huanzia sentimita 10 na huongezwa sentimita 2 kila raundi. Ili raundi ihesabiwe, roboti lazima ifaulu mara tatu kati ya tano.

Masharti ni manne. Kimo cha rampu kisizidi sentimita 5. Kitako chake kisizidi eneo la sentimita 20 kwa 20. Plastiki isizidi gramu 80. Na kila kundi lina haki ya kuchapa mara mbili tu: rampu ya kwanza, na rampu ya pili baada ya kuipima ya kwanza. Sharti hili la mwisho ndilo linalolalamikiwa zaidi, nami ndilo nisilolilegeza. Kazi yote ya uhandisi imo katika siku zile chache kati ya rampu ya kwanza na ya pili, kundi likiwa limeshika rula na daftari, likitafuta kwa nini roboti imeishia njiani.

Rampu ni nini hasa? Si ni mteremko tu?

Ndiyo, ni mteremko uleule tuliofundishwa katika mashine rahisi pamoja na wenzo, roda na kabari. Anayesukuma mkokoteni wa maji anaujua bila darasa: njia ndefu isiyo na mwinuko mkali humchosha kidogo kidogo, njia fupi iliyosimama humshinda mara moja. Rampu ya kiti cha magurudumu kwa kawaida hujengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kwenda juu inadai sentimita 12 za kwenda mbele, pembe isiyofika hata digrii 5. Yetu ni kali zaidi kwa sababu hatutaki kupanda tu, tunataka kuruka.

Ni roboti gani inayotumika?

Sisi tunatumia Sphero BOLT, roboti ya mviringo kama mpira, kipenyo milimita 73, uzito gramu 200, ambayo kasi yake ya juu kabisa inakaribia mita 2 kwa sekunde. Inaendeshwa kwa simu au tableti kupitia Bluetooth. Ndani ya ganda lake kuna kigari kidogo kinachoukwea ukuta wa ndani, na uzito wa kigari hicho ndio unaolifanya ganda libingirike. Ukilielewa hilo, umeshaelewa kwa nini roboti hii haiwezi kupanda mlima mkali polepole: kigari kinakosa uzito wa kutosha kuvuta mbele. Lazima ije na kasi kutoka mbali.

Roboti za magurudumu zinazoendeshwa na micro:bit, ile bodi ndogo ya kompyuta ya kujifunzia, hazifai kuruka, lakini zina shindano lao. Tazama sehemu ya mwisho.

Hatuna roboti wala printa. Tuache?

Msiache. Rampu za kadibodi na gari la waya au la kopo lililoachiwa kutoka juu ya ubao ulioinamishwa zinatoa fizikia ileile. Sisi wenyewe huanza na kadibodi kabla mtu hajagusa kompyuta, na kuna makundi yaliyogundua kosa kubwa kwa boksi la sabuni lililokatwa kwa mkasi, kosa ambalo lingekula saa tano za printa. Ukipata nafasi ya kuchapa mara moja kwa muhula katika karakana ya jirani au chuo kilicho karibu, peleka mafaili yote siku hiyo moja kwenye diski ya USB.

Inafaa darasa la ngapi?

Kuanzia darasa la sita, mradi hesabu za pembe ziachwe ziwe za protrakta na rula. Kidato cha pili na kuendelea wanaweza kuingia kwenye hesabu za swali la digrii 45 hapa chini. Nchini Kenya, shughuli hii inakaa vizuri ndani ya somo la Pre-Technical Studies la sekondari ya chini.

## Kubuni rampu

Tutumie programu gani kuchora?

Penye intaneti, Tinkercad. Ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari, na mwalimu anaweza kuwaingiza wanafunzi kwa msimbo wa darasa bila wao kuwa na barua pepe. Umbo la kabari limo tayari. Unalivuta, unaandika vipimo, umemaliza rasimu ya kwanza.

Intaneti ikiwa ya kubahatisha, tumia OpenSCAD, ambayo ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji mtandao. Wanafunzi huogopa kwa sababu ni ya kuandika, lakini rampu nzima ni mstari mmoja:

`linear_extrude(100) polygon([[0,0],[87,0],[87,50]]);`

Hiyo ni pembetatu yenye kitako cha milimita 87 na kimo cha milimita 50, iliyopewa upana wa milimita 100. Pembe yake ni digrii 30. Badilisha 87 iwe 137 na pembe inashuka hadi digrii 20. Binafsi naipenda njia hii kuliko Tinkercad, maana mwanafunzi analazimika kujua namba anazozitaka.

Kwa nini rampu yetu imetoka ndogo kama kifutio?

Kwa sababu mmeandika 5 mkidhani ni sentimita. Programu hizi husoma milimita. Hutokea kila mwaka, na kila mwaka kuna kundi linaloapa kwamba printa imeharibika.

Vitabu vinasema pembe ya digrii 45 ndiyo hupeleka kitu mbali zaidi. Kwa nini yetu ya 45 imeshindwa na ya 30?

Hili ndilo swali ninalolisubiri, kwa hiyo nitalijibu kirefu.

Kanuni ya digrii 45 ni sahihi kwa kitu kinachorushwa kikiwa tayari na kasi yake yote. Umbali wa mruko ni kasi kwa kipeo cha pili, mara saini ya pembe maradufu, gawanya kwa 9.81, namba ya mvutano wa dunia. Kwa mita 2 kwa sekunde na digrii 45, unapata kama sentimita 41. Lakini roboti haianzii angani. Inaanzia sakafuni, na njiani inatozwa kodi mara mbili.

Kodi ya kwanza ni ya kupanda. Kufika sentimita 5 juu kunakula sehemu ya nishati mwendo, na kasi ya mita 2 inashuka hadi kama 1.74. Kila rampu yenye kimo hicho hulipa sawa, iwe ya pembe gani.

Kodi ya pili ndiyo inayoiua rampu ya digrii 45: kona ya chini. Roboti inakuja ikienda mlalo, ghafla inakutana na ukuta ulioinama. Sehemu ya mwendo inayoelekea ndani ya ukuta inapotea kwa kishindo, inabaki ile inayofuata uso wa rampu, yaani kasi mara kosaini ya pembe. Kwenye digrii 20 unapoteza kidogo, unabaki na mita 1.88. Kwenye digrii 45 unabaki na 1.41 tu, na bado hujalipa ya kupanda.

Ukizitoza kodi zote mbili, rampu ya kimo cha sentimita 5 yenye kona kali inatoa mruko wa sentimita 17 hivi kwa digrii 20, 18 kwa digrii 25 hadi 30, na 10 tu kwa digrii 45. Hesabu inaichukulia roboti kama jiwe dogo linaloteleza bila kubingirika, kwa hiyo sakafuni namba zitatofautiana, lakini mpangilio wa nani anamshinda nani huwa uleule.

Sasa dawa yake. Ondoa kona. Mguu wa rampu ukipindwa taratibu kama ukingo wa sahani, roboti haigongi popote, na kodi ya pili karibu inafutika. Digrii 45 inarudi kuwa bingwa kwa sentimita 31 hivi, na ile ya 30 inafika 27. Tao linaloanzia mlalo na kuishia digrii 45 kwenye kimo cha sentimita 5 linahitaji nusu kipenyo cha sentimita 17, na kitako chake ni sentimita 12 tu. Linaenea kabisa kwenye masharti yetu. Hakuna kundi hata moja lililolichora kwenye rampu ya kwanza. Karibu yote hulichora kwenye ya pili, na ndiyo sababu siwaambii wanafunzi jibu hili mapema. Mwalimu, nawe usiwaambie.

Je, tunaweza kupakua rampu ya mtu mwingine kutoka mtandaoni?

Kutazama ruksa, kuchapa hapana. Kundi linalotaka kuiga wazo lionyeshe kwenye daftari limelitoa wapi na limebadilisha nini.

## Kuchapa

Rampu moja inachukua muda gani na plastiki kiasi gani?

Rampu ya digrii 30 yenye upana wa sentimita 10, tabaka za milimita 0.2 na mjazo (kiasi cha plastiki kinachowekwa ndani) wa asilimia 15, hula kama gramu 70 za plastiki aina ya PLA na saa tano hivi kwenye printa ya kawaida ya bei nafuu. Ikichapwa ngumu bila uwazi ndani ingefika gramu 270, kwa hiyo mjazo ndio wa kwanza kukaguliwa kundi likivuka kikomo. Roboti ya gramu 200 haihitaji zege.

Tuna makundi kumi na printa moja. Tutamaliza lini?

Kwa rampu nzima nzima, saa 50 kwa raundi ya kwanza peke yake. Printa ikifanya kazi saa nane kwa siku, ni siku zaidi ya sita za shule, na bado kuna raundi ya pili.

Tulichofanya ni kuacha kuchapa rampu nzima. Kila kundi linachapa mbavu mbili tu, yaani pembetatu mbili zenye unene wa milimita 4, na juu yake linagandisha kipande cha kadibodi ngumu au plaiwudi nyembamba. Mbavu mbili ni gramu 20 na ushee, saa moja na nusu. Makundi kumi yanamalizika kwa saa 15. Umbo linalobishaniwa, yaani pembe na tao, limo ndani ya mbavu. Ule uso wa juu hauna siri yoyote. Wenye printa tatu au nne wachape rampu nzima kama wanapenda.

Tuilaze vipi kwenye bamba la printa?

Ilaze ubavu, upande wa pembetatu ukiwa chini.

Ukiisimamisha kwa kitako, uso wa mteremko unajengwa kama ngazi. Kwenye digrii 20, kila ngazi ya milimita 0.2 ina urefu wa zaidi ya nusu milimita. Kwenye digrii 5, inazidi milimita 2 na unaiona kwa macho. Roboti inapita juu ya ngazi hizo ikitetemeka. Ukiilaza ubavu, mistari ya tabaka inafuata njia ya roboti kama reli, tao linatoka laini, na hakuna sehemu inayoning'inia inayodai nguzo za muda. Kwa rampu ya kabari hizi ni faida bila gharama.

PLA ni salama darasani?

Ni plastiki rahisi kuliko nyingine kwa kazi hii. Lakini pua ya printa inafika digrii 200 na zaidi za joto, na bamba hufika 60, kwa hiyo mkono hauingii ndani mashine ikiwa inafanya kazi. Madirisha yawe wazi. Kisu cha kubandulia kishikwe na mtu mzima. Majeraha mawili niliyoyaona yote yalitokana na kisu, hakuna hata moja la kuungua.

Plastiki yetu inakatika ovyo na printa inatoa milio ya kupasukapasuka. Tatizo nini?

Unyevu. Filamenti, yaani uzi wa plastiki unaolishwa printa, ikiachwa wazi Mombasa, Tanga au Unguja hunywa unyevu wa hewa, na maji hayo huchemka ndani ya pua. Ifungie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Waambie wanafunzi waviokote nyumbani. Wiki mbili zinatosha kujaza kopo.

Umeme ukikatika katikati?

Printa nyingi za siku hizi zina uwezo wa kuendelea pale zilipoishia, lakini usitegemee sana. Bamba likipoa, kazi hubanduka yenyewe, na umeme ukirudi pua inakuta kitu kimehama. Kazi za saa moja na nusu, kama za mbavu, zinavumilia mgao wa umeme vizuri kuliko za saa tano.

## Kuendesha na kupima

Programu ya roboti iweje?

Fupi. Elekeza, nenda, simama. Kwenye Sphero Edu, programu ya simu au tableti ya kuiendeshea roboti, kasi inaandikwa kwa namba kutoka 0 hadi 255, na mwelekeo kutoka 0 hadi 359. Acha njia ya kukimbilia ya mita mbili hivi, maana roboti haifiki kasi yake ya juu papo hapo. Kabla ya kila mruko, irekebishe ielekee mbele kwa ile taa ya buluu ya nyuma; digrii mbili za kukosea mwanzoni ni sentimita 7 za kukosea mwisho wa mita mbili.

Makundi yaliyozoea huongeza jambo moja: programu ina matukio ya kutambua roboti inapoanguka hewani na inapotua. Zima mota roboti ikiwa hewani, la sivyo ganda linaendelea kuzunguka bure na likigusa chini linachomoka pembeni.

Kasi tunaipimaje bila vifaa?

Bandika selotepu mbili sakafuni, sentimita 50 kati yake, kabla tu ya mguu wa rampu. Rekodi video kwa simu, kisha hesabu picha moja moja. Simu ikirekodi picha 30 kwa sekunde na roboti ikatumia picha 8, kasi ni kama mita 1.9 kwa sekunde. Pimeni mara tano, na msifute ile isiyopendeza.

Asubuhi iliruka, mchana imegoma. Rampu imechoka?

Kwanza futa vumbi. Ganda laini juu ya sakafu yenye mchanga linateleza, na kasi inapungua bila mtu kugundua. Pili, chaji. Betri ina zaidi ya saa mbili za kazi ikiwa imejaa, na siku ya shindano mazoezi ya asubuhi huzimaliza. Pima kasi upya kama ilivyoelezwa hapo juu kabla ya kuilaumu rampu.

## Alama na makundi

Anayeruka mbali zaidi ndiye anayepata alama nyingi?

Kombe, ndiyo. Alama, hapana. Nusu ya alama iko kwenye daftari: vipimo vya rampu ya kwanza, sababu ya kubadilisha, vipimo vya ya pili. Robo ni ya mruko. Iliyobaki ni ya kueleza mbele ya darasa, na anayeeleza huchaguliwa kwa kura ya bahati siku hiyohiyo, ili asiwepo anayejificha nyuma ya mjuzi wa kundi.

Wavulana wanashika kompyuta, wasichana wanaandikishwa daftari. Tufanyeje?

Zungusha kazi kwa saa, si kwa hiari. Mchoraji, mpimaji, mpangaji wa programu na mwandishi hubadilishana kila kipindi, na ratiba inabandikwa ukutani. Ukiomba tu kwamba wabadilishane, hawatabadilishana.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Roboti yetu ni ya magurudumu. Tushindanie nini?

Pembe kali zaidi inayopandika bila kurudi nyuma, au mzigo mkubwa zaidi kwa pembe moja. Hapa tatizo huhama kutoka mguu wa rampu kwenda kileleni. Roboti ikivuka kilele, magurudumu ya mbele yanashuka upande wa pili, ya nyuma bado yako nyuma, na tumbo linakaa juu ya ncha. Magurudumu yanabaki yakizunguka hewani kama kobe aliyepinduliwa. Ukilainisha kilele kwa tao, kama tulivyofanya mguuni kwenye swali la digrii 45, inapita.

Pengo la sentimita 6 linahesabiwa kuwa mruko?

La. Roboti yenye kipenyo cha milimita 73 inaweza kuvuka pengo dogo kuliko yenyewe kwa kubingirika tu, kama tairi juu ya shimo dogo. Ndiyo maana tunaanzia 10.

Roboti imeruka kupita rampu ya kutua. Imefaulu au imeanguka?

Kwa sheria zetu haijafaulu, lakini kundi linaruhusiwa kupunguza kasi na kurudia ndani ya majaribio yake matano. Kubishana na mwamuzi hakuongezi jaribio la sita.

Rampu imepinda kabla ya shindano. Inaruhusiwa kuchapa ya tatu?

Inategemea imepinda kwa nini. Ikiwa ni kosa la printa, ndiyo, na haihesabiwi. Ikiwa iliachwa juani, hapana. PLA huanza kulainika ikikaribia digrii 60, na gari lililofungwa vioo kwenye jua la Januari linaweza kuifikisha huko. Mwaka wa kwanza nilizipanga rampu zote za fainali kwenye kioo cha nyuma cha gari langu ili zisivunjike. Nilipofungua mlango zilikuwa zimelala kama chapati, na makundi manane yalishindana kwa kadibodi. Sharti la juani halikuwepo wakati huo. Niliandika usiku uleule.